Usiiwashe kwanza: Spectrum yetu na kaseti 37 za darini

Mama alipokubali hatimaye kuiacha nyumba ya Southsea, huku Portsmouth, Uingereza, na kuhamia fleti ya chini isiyo na ngazi, kazi ya kupanda darini iliniangukia mimi. Kaka yuko Muscat miaka 19 sasa, na baba ametangulia mbele ya haki. Nyuma ya masufuria ya shughuli na zulia lililokunjwa nilikuta boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba. Nilipolifungua, macho yalitua kwanza kwenye vile vibonyezo vya mpira wa kijivu, kisha kwenye mshazari wa rangi pale kwenye kona: nyekundu, njano, kijani, samawati. ZX Spectrum yetu, kompyuta ya nyumbani ya utoto wetu. Chini yake zilipangwa kaseti 37.

Nilikaa palepale kwenye vumbi, nikalia kidogo. Halafu nikateremka nayo na kufanya kosa la kwanza: nikaitafutia umeme.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Mashine hii iliingia katika nyumba nyingi sana za Uingereza miaka ya 1980, na zimo humo nyumba za wenzetu waliotoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Sasa wazee wanahama, nyumba zinauzwa, na maboksi yanashuka kutoka darini. Kama lako halijashuka, soma kwanza. Mimi nilitumia karibu mwaka mzima na zaidi ya pauni 200 kujifunza mambo ambayo mtu angeweza kuniambia kwa dakika kumi.

Kwa ambaye hakuwahi kuiona: Spectrum ilitolewa tarehe 23 Aprili 1982 na Sinclair Research ya Cambridge, kampuni ya Clive Sinclair. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, ya kilobaiti 48 pauni 175, na zilikuwa zikiundwa Dundee, Scotland, katika kiwanda cha Timex. Haikuja na skrini wala diski. Unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, na programu zinaingia kwa redio kaseti, ileile ambayo mama alikuwa akisikilizia taarabu. Mwaka 1983 bei ya ile ya 48 ilishuka hadi pauni 129.95. Baba akajikusanya, na Idi ya mwaka 1984 akatuletea. Wenzake kazini walikuwa wamemwambia kwamba mtoto asiyejua kompyuta ataachwa nyuma, na baba hakutuleta huku ili tuachwe nyuma.

Kaka alikuwa na miaka 13, mimi 10. Tukagawana kazi bila kuambiana. Yeye alikaa kwenye vibonyezo, mimi nikashika kitufe cha sauti cha redio kaseti. Msidhani ilikuwa kazi ya mtoto mdogo wa kuzugwa. Programu kwenye kaseti ni sauti, na sauti ikiwa chini mno mashine haisikii, ikiwa juu mno inakoroga. Kaka alibonyeza J, neno LOAD likatokea zima, akaweka alama mbili za kunukuu, akabonyeza ENTER, nami nikabonyeza kucheza. Kwanza unasikia mlio mmoja mrefu, na pembezoni mwa skrini inatembea mistari minene ya nyekundu na samawati. Kisha unakuja mkwaruzo, kama mafuta ya samaki yanayochemka, na mistari inakuwa myembamba, buluu na njano. Nilikuwa najua kwa sikio kama linaingia au litakwama. Gemu la kilobaiti 48 lilichukua kama dakika tano, na muda wote huo hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu na meza. Likikwama, skrini inaandika chini "R Tape loading error", na mnarudisha utepe kuanza upya.

Tulicheza nini? Manic Miner kabla ya yote. Matthew Smith aliliandika hakuwa hata amefika miaka 20, likatoka mwaka 1983. Mapango 20, mchimbaji mmoja, funguo za kuokota, na mstari wa hewa unaopungua chini ya skrini. Unaporuka huwezi kubadili nia hewani, kwa hiyo unajifunza kuhesabu hatua kabla. Hata leo nikishuka ngazi za mvua nahesabu vilevile.

Mwaka uliofuata likaja Jet Set Willy, la kijana huyohuyo, na hili ndilo lililotufundisha kuumia. Ndani ya kasha kulikuwa na kadi ya vijiraba vya rangi. Gemu likiingia, linakuuliza rangi za kijiraba fulani, ukikosea, hulichezi. Ilikuwa kinga dhidi ya wanakili, maana mashine nyingi za fotokopi za wakati ule zilitoa nyeusi na nyeupe tu. Kaka aliazima kadi ya mwenzake wa skuli usiku mmoja, akainakili yote kwa penseli za rangi juu ya karatasi ya hesabu, hadi saa saba za usiku. Penseli yake ya zambarau ilikuwa imekwisha, akatumia nyekundu aliyoikandamiza. Kwa miezi mingi baadaye tulikuwa tukiulizwa rangi tunatazamana: hii ni nyekundu, au ni nyekundu iliyokandamizwa? Karatasi hiyo niliikuta kwenye boksi, imekunjwa mara nne. Nilipoiona nilimpigia kaka simu kabla ya kumwambia mtu yeyote kuhusu mashine.

Na baada ya jasho lote hilo, gemu lenyewe halikuwa likimalizika. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro: ukiingia chumba kiitwacho The Attic, mshale mmoja ulikuwa ukiandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya mashine, na vyumba vingine vinageuka vya kuua. Waliolitoa walisema mwanzoni kwamba ndivyo lilivyokusudiwa, kisha wakatoa marekebisho ya namba za kuandika kabla ya gemu kuanza. Sisi hatukuyapata marekebisho hayo. Tulijilaumu wenyewe mwaka mzima. Leo ninapojua, bado nasikia uchungu kwa ajili ya wale watoto wawili waliodhani hawana ustadi.

Skool Daze, la mwaka 1984, ndilo nililolipenda mimi kuliko kaka. Mtoto wa skuli anayeitwa Eric anatafuta kuiba ripoti yake kutoka kwenye sefu ya walimu. Unaruhusiwa kubadili majina. Mwalimu mkuu tulimpa jina la "Maalim", kwa heshima ya aliyetusomesha Kurani Jumamosi, na mmoja wa wanafunzi nikampa jina langu. Msichana mwenye jina la Kiswahili akitembea kwenye korido za skuli ya Kiingereza, anaingia darasani, anakaa, hakuna anayemuuliza katoka wapi. Sikuweza kulieleza wakati ule. Nilikuwa nalicheza tu, jioni baada ya jioni.

Basi ndiyo hiyo mashine niliyoiteremsha nikiwa na haraka.

Adapta yake haikuwemo kwenye boksi. Droo ya jikoni ilikuwa na adapta ya volti 9 ya kifaa kingine, plagi ikaingia bila kulazimishwa, nikasema alhamdulillahi. Nikasikia "tss" ndogo. Ikafuata harufu ya kitu kilichoungua, na televisheni haikuonyesha chochote.

Shika hili: kwenye plagi ya Spectrum, hasi iko katikati na chanya iko nje. Adapta nyingi za leo ziko kinyume, chanya katikati. Volti zikiwa sawa na plagi ikaingia, bado unaweza kuiua mashine kwa sekunde moja, maana haina kinga ya kosa hilo. Tazama mchoro mdogo ulioko kwenye mgongo wa adapta, ule wa duara na alama za kujumlisha na kutoa. Na hata ukipata adapta ya asili, usiichomeke kwanza. Ipimwe, maana nayo imekaa miaka 40. Adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya Spectrum niliinunua pauni 14. Ningeanza nayo, ningeokoa pauni 85 za matengenezo.

Nilipochomeka ile sahihi, skrini ilijaa mistari ya weusi na weupe. Spectrum nzima inaandika chini, juu ya weupe mtupu, "© 1982 Sinclair Research Ltd", na basi. Mistari maana yake iko hai nusu. Hapo nikafungua skrubu za chini na kuinua mfuniko kama anayefunua sufuria ya wali. Kibodi imeungwa na ubao kwa tepe mbili bapa za plastiki nyembamba. Kwa umri wao zimekauka kama jani la mnazi. Zote mbili zilikatika mkononi mwangu. Hilo likawa kosa la pili, na nililifanya kwa sababu nilikuwa nimekasirikia lile la kwanza.

Habari njema ni kwamba utando mpya wa kibodi unatengenezwa hadi leo, nilinunua pauni 18. Ukifungua, inua mfuniko kidogo tu, tazama tepe ziko wapi, kisha zichomoe wima polepole, ukijua toka mwanzo kwamba huenda zikakatika na mbadala wake uwe umeshauagiza. Kwetu tepe zile zilikuwa zimeshachoka zamani, nadhani tangu kaka na rafiki yake walipokuwa wakishindana Daley Thompson's Decathlon. Katika gemu lile mkimbiaji anakwenda mbio kadiri unavyogonga vibonyezo viwili kwa zamu. Mama alikuwa akisikia jikoni anadhani tunatwanga.

Sikuwa na ujuzi wa kulehemu, na nashukuru sikujaribu. Nilimpelekea mzee mmoja fundi anayetengeneza mashine za zamani kwenye kibanda cha bustani yake. Alinikaribisha chai, akaifungua mbele yangu, akanieleza kama anavyoeleza daktari mwenye subira. Kumbukumbu ya kwanza ya kilobaiti 16 iko kwenye chipu nane za aina ya 4116, na chipu hizo zinadai umeme wa namna tatu kwa pamoja: volti 5, volti 12, na hasi 5. Mzunguko mdogo wenye transista iitwayo TR4 ndio unaotengeneza hizo volti nyingine. Adapta yangu iliua transista, na bila ile hasi 5, chipu zinaungua moja baada ya nyingine. Tano kati ya nane zilikuwa zimekufa. Akabadilisha hizo, akabadilisha na kapasita zote za zamani, na akaunga waya wa picha ya moja kwa moja ili isitegemee kutafutwa kwenye stesheni kama zamani. Pauni 85 pamoja na vipuri. Nilisimama nyuma yake akiiwasha. Yale maandishi ya chini yalipotokea alisogea pembeni, akaniambia nibonyeze mimi.

Sasa nisemacho hapa ndicho hasa kilichonifanya niandike, kwa hiyo nisikilize. Wakati nahangaika na mashine kwa miezi minne, kaseti zilikuwa zimekaa kwenye mfuko wa plastiki kando ya redieta. Nilipanga mambo kichwa chini miguu juu. Mashine inaweza kutengenezwa, inaweza kununuliwa nyingine, na kama unataka kucheza tu huihitaji kabisa: kuna programu kama Fuse, ya bure, inayoifanya kompyuta yako ijione ni Spectrum, na mwaka 2024 ilitoka hata mashine mpya yenye umbo lilelile la zamani na magemu 48 ndani yake. Magemu ya dukani karibu yote yameshahifadhiwa na wapenzi wake tangu miaka ya 1990. Baadhi ya wenye haki wameruhusu yagawiwe, baadhi wamekataa, na ni vizuri kuangalia kabla ya kuchukua. Manic Miner haikuwa ikinisubiri mimi niiokoe.

Kaseti zako ndizo zinazokusubiri. Zigawe mafungu kabla hujagusa chochote. Za dukani weka upande mmoja. Za kunakili, zile za skuli, upande mwingine. Kisha yale mambo ambayo duniani kote yako kwako tu: programu mlizoandika wenyewe, na sauti za watu. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Mimi, kwa uzito wa kichwa changu, nilianza na Skool Daze, kwa kuwa ndilo nililolitamani. Nilinunua redio kaseti ya mitumba pauni 10. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umegeuka lami. Ikaanza vizuri, ikapunguza mwendo, ikaumeza utepe. Niliuvuta kidogo kidogo kwa penseli, karibu mita mbili zimekunjamana kama karatasi ya karanga. Lakini namshukuru Mungu kwamba ilikuwa Skool Daze. Ingeweza kuwa ile nyingine.

Baada ya hapo nikajifunza adabu. Nilitafuta deki nzuri zaidi, pauni 30, fundi yuleyule akaitia mikanda mipya. Nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti ya kusafishia. Kila mara nilijaribu kwanza kaseti isiyo na thamani. Kila kaseti niliikagua kama bado ina kile kipande cha sifongo kinachosukuma utepe, kwa sababu gundi yake huachia. Kikiwa kimedondoka, utepe unahamishiwa kwenye kasha jingine la skrubu. Kisha niliizungusha yote mbele na nyuma mara moja ili utepe ulegee, ndipo nikacheza.

Deki inaungwa na kompyuta ya leo kwa waya mmoja, na unarekodi kwa programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Rekodi faili la WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, usihifadhi kwa MP3, maana ile inatupa vipande vya sauti ambavyo sikio halivitaki lakini Spectrum inavitaka. Zima Dolby, ile swichi ya deki ya kupunguza kelele. Pandisha kiwango mpaka mawimbi yawe manono, lakini yasigonge dari. Na kando ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo inayokiinamisha: izungushe kidogo sana, robo mzunguko haifiki, huku unasikiliza, mpaka mkwaruzo uwe mkali na safi. Hapa ndipo nilipojikuta niko na miaka 10 tena. Hakuna chombo nilichotumia. Nilifumba macho, nikazungusha, na sikio likaniambia: hapo. Baada ya hapo faili linageuzwa kuwa TZX, aina ya faili la kuhifadhia kaseti za Spectrum, na linafunguka kwenye Fuse kwa sekunde chache, hizo dakika tano zote zimekwisha.

Kaseti ya kwanza niliyoiokoa kwa utaratibu huo iliandikwa kwa mkono wa kaka: BAO 3. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka 1986, baada ya kukisoma kitabu cha BASIC, lugha ya kuandikia programu, kilichokuja na mashine hadi kikachanika, aliamua kuitengenezea Spectrum mchezo wa bao. Ilifunguka. Safu nne za mashimo manane, rangi ya mbao, na kete alizozichora mwenyewe nukta kwa nukta katika vijiraba vya nane kwa nane. Nyumba ameziweka mraba, kama inavyotakiwa. Mashine inanamua vizuri, taratibu mno, inafikiri karibu dakika nzima kabla ya kusogeza kete moja. Ikifika mtaji, ile hatua ya pili ya mchezo, inasimama na kutoa kosa. Nilimtumia kaka faili usiku huohuo. Aliniambia alilia ofisini. Kisha akaniuliza kosa liko mstari wa ngapi, na kabla sijamjibu akautaja mwenyewe.

Sasa ile nyingine.

Bibi mzaa baba hakuwa mwandishi wa barua. Alikuwa akirekodi kaseti Unguja, akampa yeyote anayesafiri, na sisi tukaipokea Portsmouth ikiwa imefungwa ndani ya kanga au katikati ya tende. Jioni hiyo tulikaa sote, baba akabonyeza, na bibi akasema naye muda wa saa nzima, upande huu na upande ule. Baba alizisikiliza mara nyingi, kisha akavunja vile vidoto viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili isiweze kurekodiwa juu yake.

Mtoto yeyote wa wakati ule alijua dawa ya vidoto vilivyovunjwa. Unaziba tundu kwa karatasi na selotepu.

Katika kaseti 37, tatu zilikuwa na selotepu, imekuwa ya manjano na kavu. Juu ya mojawapo, kwa mwandiko wa baba: "Mama, Rajab 1404", yaani mwaka 1984. Chini yake, kwa kalamu ya buluu na herufi kubwa za mtoto: JETPAC. Mwandiko huo ni wangu. Sikuwa na pesa ya kaseti tupu, mwenzangu darasani alikuwa na deki ya milango miwili na angerudi kwao jioni ileile, na nilijiambia kwamba bibi ana kaseti nyingi. Bibi alifariki mwaka 1991. Sikuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo nakusihi, kaseti yenye selotepu kwenye tundu usiipitie haraka. Ichezwe hadi mwisho, pande zote mbili, hata kama juu imeandikwa jina la gemu. Gemu la kilobaiti 16 kama Jetpac linakula dakika mbili hivi. Upande mmoja wa kaseti ya saa moja una dakika 30. Kilichobaki hakijafutwa na mtu.

Nilirekodi usiku, nimevaa spika za masikioni. Ule mlio mrefu, mkwaruzo, kimya. Kisha Chuckie Egg, mlio, mkwaruzo, kimya. Kisha gemu la tatu ambalo halikumalizika. Nadhani mwenzangu aliitwa kwao. Likakatika "tap", na sauti ya bibi ikaingia katikati ya neno, karibu kabisa na sikio langu: "...lakini mimi nikamwambia, huo mchele usiuoshe mara tatu, mara mbili inatosha." Nyuma yake jogoo akawika. Nilikuwa nimefuta dakika 11 na sekunde 20. Dakika 18 zilizobaki zilikuwa nzima.

Sikuweza kumficha mama tena. Nikaenda fletini kwake Jumapili, nikamweleza yote, na kuomba radhi kama mtoto, ingawa nimepita miaka 50. Mama akasema, "Baba yako alijua, mwanangu. Aliiweka siku ile walipokuja wageni, ikalia kama mbuzi." Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza. "Alisema umechukua kaseti kucheza, hukumchukua bibi yako. Lakini hakuiweka tena."

Tukasikiliza zile dakika 18. Zilipokwisha, mama alikaa kimya muda, mkono juu ya goti. Kisha akaanza kusema, si kwa sauti yake ya kawaida, bali kwa mwendo wa bibi, taratibu, na lafudhi ya Makunduchi. Assalamu alaikum mwanangu, sisi huku wazima. Akataja salamu za majirani mmoja mmoja, nani kajifungua, nani kaoa, paa la jikoni limetengenezwa, pesa mlizotuma zimefika. Alikuwa ameisikiliza kaseti ile jikoni mara nyingi kuliko baba. Ilikuwa na mwanzo, na mwanzo wake ulikuwa kichwani mwa mama muda wote huo.

Nilimwomba asubiri, nikaweka simu mezani, nikamwambia aanze tena. Alisema kwa dakika 23, kwa sababu kila jina lilimkumbusha jingine. Faili hilo nimelipa jina "Rajab 1404, upande A, mwanzo", na kwenye folda nililomtumia kaka nimeliweka juu ya lile la kaseti, ili atakayesikiliza aanze na mama.